Meli hubadilishwa jina, namba hubaki

BWEGERA (Uvira) – Kijana anayeangalia filamu ya anga kwenye simu ya mwenzake, jioni baada ya kazi ya shamba, huona jambo moja likirudi kila mara. Meli kubwa nyeupe inapita polepole kati ya nyota, na kabla hajaona uso wa mtu hata mmoja ndani yake, amekwisha kusoma maandishi ubavuni: jina, kisha herufi na namba. Siku atakaposhuka Uvira na kufika bandari ya Kalundu ataona ndugu wa maandishi hayo kwenye boti za mbao na meli za chuma. Watunzi wa hadithi za meli za nyota hawakubuni desturi hiyo. Waliikuta baharini, kwenye maziwa na kwenye viwanja vya ndege, wakaipandisha juu.

Ziwa Tanganyika ni mahali pazuri pa kuisomea desturi hiyo, kwa sababu hapa majina ya meli yamegeuzwa mara nyingi, na kila yalipogeuzwa kulikuwa na mtu aliyeshinda na mtu aliyeshindwa. Kwa familia za tambarare ya Ruzizi ambazo leo zinaishi mbali na nyumba zao, na ambazo zimejifunza kuitika namba kwenye orodha, swali la nani anapewa jina na nani anapewa namba tu si la filamu peke yake.

Namba ya rubani

Meli ya nyota inayojulikana kuliko zote ni Enterprise, ya Star Trek, mfululizo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ubavuni imeandikwa NCC-1701. Aliyeichora, Matt Jefferies, alikuwa rubani, na hapo ndipo siri ilipo. Kila ndege ya kiraia duniani hubeba alama ya nchi yake. Ya Kongo huanza na 9Q, ya Burundi 9U, ya Rwanda 9XR, ya Tanzania 5H. Aliyekuwa akisimama Kavumu karibu na Bukavu aliweza kuzisoma mkiani kwa ndege. Za Marekani huanza na N, na zamani nyingi zilibeba NC. Jefferies akaichukua NC hiyo, akaongeza C ya pili. Kwa maelezo yake mwenyewe, C hiyo aliiwaza kutoka kwenye herufi za Umoja wa Kisovieti, kwa sababu aliona kwamba safari kubwa za anga zingewalazimu watu wa nchi hizo mbili kwenda pamoja. Alisema hayo kuhusu miaka ambayo Marekani na Urusi zilikuwa zinatishana kwa mabomu.

Na 1701? Alieleza kwamba 17 ni mfano wa kumi na saba wa meli za namna hiyo, na 01 ni ya kwanza katika mfano huo. Lakini alikuwa na sababu nyingine ya kifundi zaidi: alizikwepa 3, 6, 8 na 9, kwa kuwa ukiziangalia kwa mbali macho huzichanganya. Yeyote anayepaka rangi namba kwenye boti au pikipiki anaweza kulichukua shauri hilo bila kulipa.

Meli hiyo ilikuwa na vyombo vidogo vya kushukia kwenye sayari. Kimojawapo kiliitwa Galileo, jina la mtaalamu wa Italia aliyeelekeza darubini angani, na kiliandikwa NCC-1701/7. Yaani kilikuwa na jina lake, lakini namba yake ilianza na ya mama. Mvuvi anayefunga mtumbwi mdogo nyuma ya boti kubwa hahitaji kuelezwa.

Katika filamu ya mwaka 1984 Enterprise iliteketezwa. Katika ile ya 1986 mabaharia wake walipewa meli mpya, jina lile lile, namba ile ile, ila imeongezwa herufi: NCC-1701-A. Mfululizo wa 1987 ulikuja na 1701-D. Ni kama mjukuu anayepewa jina la babu yake: watu wanajua si yule, lakini wanamwita vile vile, na wanatarajia afanane naye. Wanajeshi wa majini walikuwa wanafanya hivyo zamani sana. Kabla ya Enterprise ya televisheni, jeshi la majini la Marekani lilikuwa na manowari kadhaa zilizorithiana jina hilo, mojawapo ikiwa meli ya kubeba ndege iliyopigana Vita vya Pili vya Dunia. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1976 wapenzi wa Star Trek waliandika barua nyingi kwa Rais Gerald Ford, na chombo cha kwanza cha Marekani cha aina ya "space shuttle", ambacho kilikuwa kiitwe Constitution, kikapewa jina Enterprise. Namba yake ya kiserikali ilikuwa OV-101. Hadithi ilikuwa imekipa chombo cha kweli jina. Chombo chenyewe kilitumika kwa majaribio tu ya kuruka na kutua. Hakikufika angani hata siku moja.

Ukiangalia kundi zima la meli za hadithi hiyo, majina yanaonyesha nani aliyeshika kalamu. Lexington ni mji wa Marekani ulioanza vita vya uhuru wao. Hood ilikuwa manowari ya Uingereza. Potemkin ilikuwa ya Urusi. Watunzi walitaka kuonyesha dunia iliyoungana, wakaokota majina kwenye majeshi ya majini waliyoyajua. Waliokuwa na manowari nyingi zamani wakapata meli nyingi baadaye, hata katika mambo ya kubuni.

Mume Nyasa, mke Tanganyika

Kwenye Ziwa Tanganyika mambo hayakuwa ya kubuni. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa London Missionary Society walileta meli ya mvuke kusini mwa ziwa, wakaiita Good News, Habari Njema. Jina lilisema kazi yake. Baada yake ikaja Cecil Rhodes, jina la tajiri wa madini aliyetaka Uingereza itawale kutoka Cape Town hadi Cairo. Hapo jina lilisema mwenye mali.

Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walikuwa na mpango wao. Vyombo vidogo walivipa majina ya mito ya karibu na Bagamoyo: Kingani na Wami. Vikubwa walivipa majina ya wakubwa. Hermann von Wissmann ndiye aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri kwenye pwani mwaka 1889, kisha akawa gavana. Meli yake ikawekwa Ziwa Nyasa. Mke wake aliitwa Hedwig, na meli ya Hedwig von Wissmann ikawekwa Tanganyika. Mume kusini, mke huku. Mito ya wenyeji ilitosha kwa boti ndogo; boti kubwa ilihitaji bwana na bibi.

Wabelgiji nao walifanya vivyo hivyo. Meli yao ya Lukuga, ambako leo ni Kalemie, iliitwa Alexandre Delcommune, mtu aliyepita Katanga kutafuta njia na madini. Nyingine waliyopanga kuiunganisha iliitwa Baron Dhanis, kwa jina la kamanda wa vita dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Maniema na kandokando ya ziwa, kati ya 1892 na 1894. Lakini chombo kimoja chao kidogo kilikuwa na jina la Dix-Tonne, Tani Kumi. Hicho hakikupata jina la mtu. Kilipata uzito wake.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Hedwig ilivuka mwezi wa Agosti na kuipiga Alexandre Delcommune. Wabelgiji walipoitengeneza upya waliiita Vengeur, Mlipiza Kisasi. Chuma kilikuwa kile kile, lakini jina jipya lilikuwa tangazo la vita. Huku kaskazini, mto Ruzizi ukawa mstari wa mbele: Wabelgiji ng'ambo hii, Wajerumani ng'ambo ya Burundi. Vijiji vya tambarare vikajikuta katikati ya majeshi mawili ambayo hakuna aliyeyaita.

Kisha Waingereza wakaleta boti mbili za motari, kila moja urefu wa mita 12 hivi. Kiongozi wa safari, Geoffrey Spicer-Simson, alipendekeza ziitwe Cat na Dog, Paka na Mbwa. Wakuu wa jeshi la majini London walikataa. Boti za mfalme haziwezi kuitwa hivyo. Akarudi na majina mengine: Mimi na Toutou. Yakapita. Kwa Kifaransa cha mitaani cha Paris, Mimi ni paka na Toutou ni mbwa. Wakuu hawakugundua, au walichoka. Kwa anayesema Kiswahili mzaha ulikuwa mwingine kabisa, ambao Spicer-Simson huenda hakuujua: boti iliyoitwa Mimi, ambayo kila aliyeitaja alijitaja mwenyewe.

Zilitoka Uingereza mwezi wa Juni 1915, zikafika Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Katanga. Kutoka Fungurume zikavutwa juu ya milima ya Mitumba, mlolongo ule ule unaopanda juu ya Uvira, kwa matrekta mawili ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya mamia ya vibarua waliokata miti na kujenga madaraja zaidi ya 100. Kisha treni tena, mto Lualaba, na reli ya mwisho hadi ziwani. Mwishoni mwa Oktoba zilikuwa zimefika.

Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliteka Kingani. Meli iliyotekwa haiwezi kubaki na jina la adui. Kingani ikawa Fifi, ili ifuatane na wenzake wawili. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Spicer-Simson alikuwa na tabia ya kuvaa sketi, na kumbukumbu za safari hiyo zinasema wenyeji wa Kiholoholo wa kando ya ziwa walimpa jina la Bwana Chifungatumbo. London ilikuwa na daftari la majina ya boti. Wenyeji hawakuwa na daftari, lakini walikuwa na macho, na jina lao ndilo lililodumu kwenye masimulizi ya mtu huyo.

Kibao cha chuma

Ziko habari nyingi za Mimi na Toutou, na hata vitabu. Majina ya Waingereza 28 waliokuwa katika safari hiyo yanajulikana. Majina ya vibarua waliozivuta hayakuandikwa.

Hilo halikuwa la safari moja. Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita hivyo, wengi wao kutoka mashariki ya Kongo, wakibeba risasi na chakula hadi Tabora. Upande wa Waingereza kulikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na kila mpagazi alipewa kibao cha chuma chenye namba. Kusudi lilikuwa zuri: bila namba, mtu mwenye jina linalofanana na la wengine kumi hakuweza kulipwa mshahara wake, wala familia yake kupata habari ya kifo chake. Namba ilimlinda, ilimradi daftari halikupotea. Lilipopotea, kibao kilibaki chuma kitupu.

Jina la kikosi hicho lilitamkwa na Waswahili, likawa Kariakoo. Soko kubwa la Dar es Salaam liko mahali walipokaa wapagazi hao. Nairobi kuna Kariokor. Gavana na bibi yake waliandikwa kwenye meli, na meli ya bibi ilizamishwa; wapagazi waliopewa namba wako kwenye jina la soko linalotajwa kila siku na watu wasiojua lilikotoka.

Waliovuka Ruzizi mwezi wa Februari 2025 na kulala kwenye uwanja wa michezo wa Rugombo, upande wa Burundi, wanajua vizuri maana ya daftari. Jina likiandikwa kwa herufi moja isiyo sahihi, mtu anakaa mstarini na kuambiwa hayumo. Namba inamwokoa hapo. Lakini akipiga simu kijijini, hakuna anayeuliza namba.

Meli ya namba 300

Meli kubwa kuliko zote katika vita vya ziwa haikupigana na Mimi na Toutou hata mara moja. Ilijengwa mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikiwa kazi namba 300 ya kiwanda hicho. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa Papenburg walikuja nayo kuiunganisha. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, urefu wake mita 70 na kidogo.

Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Watu wa Kivu wana sababu ya kulijua jina hilo. Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda na kufika Ziwa Kivu mwaka 1894, akiwa wa kwanza katika Wazungu kuliona. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji, kuanzia 1905, ambapo mashamba na ghala za chakula zilichomwa kusini mwa Tanganyika hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Huyo ndiye aliyeandikwa ubavuni.

Julai 1916 Wajerumani walikimbia Kigoma. Mafundi wale wale walioiunganisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito isipate kutu, wakaizamisha tarehe 26 kwa mikono yao. Wabelgiji waliiinua baada ya vita; ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari tena ikiwa na jina jipya: Liemba.

Hapa Waingereza walifanya jambo ambalo halikuwa desturi yao. Hawakuiita kwa jina la mfalme, wala la gavana wao. Liemba ni jina ambalo Livingstone aliandika aliposikia watu wa kusini wakiliita ziwa hilo. Meli ya Götzen ikapewa jina la maji yenyewe. Labda ndiyo sababu hakuna aliyehitaji kulibadilisha tena. Bendera ya Uingereza ilishuka mwaka 1961, Tanganyika ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, na Liemba ikabaki Liemba. Kitu pekee kilichobadilika ni herufi za mbele. Zamani iliandikwa SS, maana yake meli ya mvuke. Katika miaka ya 1970 ilipotiwa mitambo ya dizeli ikawa MV, meli ya mota. Watunzi wa Star Trek waliazima alama ya namna hiyo hiyo: USS, ambayo kwenye manowari humaanisha meli ya Marekani, wao waliigeuza maana ikawa meli ya nyota.

Na namba 300 ya Papenburg haikuguswa na yeyote. Ndivyo namba ya kiwanda ilivyo: haijui nani ametawala. Dunia nzima ilikuja kuona faida ya jambo hilo baadaye. Wenye meli wadanganyifu walikuwa wakibadilisha jina na bendera usiku mmoja ili kukwepa madeni na mashtaka. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini likaweka namba yenye tarakimu saba, ambayo meli kubwa ya baharini huibeba tangu kujengwa hadi kuvunjwa, hata ikiuzwa mara kumi. Tangu 1996 ni lazima. Tarakimu ya saba ni ya kukagua: chukua sita za kwanza, zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, endelea hadi ya sita kwa 2, jumlisha yote. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Aliyebuni namba ya uongo hushikwa kwa hesabu ya darasa la tano.

Uhuru angani

Kongo nayo ilipitia zamu yake ya kubatiza upya. Mwaka 1966 Albertville ikawa Kalemie na Léopoldville ikawa Kinshasa. Oktoba 1971 nchi na mto mkubwa vikawa Zaïre. Mwaka 1972 ikafika zamu ya watu: majina ya Kikristo yalipigwa marufuku kwenye vitambulisho, na wazazi wengi wa wale ambao leo ni wazee walijikuta na jina moja kanisani na jingine ofisini. Hadi sasa ziko familia ambazo ndugu wawili wa tumbo moja wana karatasi zisizofanana, kwa kuwa mmoja alizaliwa kabla na mwingine baada.

Miaka hiyo hiyo meli za jirani zilikuwa zikipata majina ya matumaini. Ziwa Victoria lilikuwa na meli mbili pacha za kubeba mabehewa ya treni, Uhuru na Umoja. Tanganyika baadaye ikapata Mwongozo, jina linalokumbusha tamko la TANU la mwaka 1971. Na neno la Kiswahili likaingia kwenye meli ya nyota. Ndani ya Enterprise, mwaka 1966, afisa wa mawasiliano aliyekaa na kifaa sikioni akipokea ujumbe alikuwa mwanamke mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba siku ya kufanyiwa majaribio alikuwa na kitabu kilichoitwa Uhuru, na kutoka neno hilo, kwa kubadilisha herufi ya mwisho, likapatikana jina. Kwa wasikilizaji wa redio za jamii si jambo dogo: katika hadithi ile, sauti ya meli nzima ilipita mikononi mwa mtu mwenye jina la Kiswahili.

Miaka minne baadaye haikuwa hadithi tena. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi na kuendeshwa na Waitaliano. Ilibeba chombo cha Marekani cha kupima miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Chombo hicho kilikuwa na majina kama mtu wa Zaïre ya 1972. Kabla ya kuruka kiliitwa SAS-A, kwa sababu desturi ya Wamarekani ilikuwa kutoa herufi kwanza. Chombo kikifika salama ndipo kinapewa namba, na kisichofika hakipati. Kilifika, kikawa SAS-1. Katika daftari jingine kilikuwa Explorer 42. Lakini mkuu wa mradi, Marjorie Townsend, alikiita Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapa bahari yake, na hilo ndilo jina ambalo wataalamu walilishika.

Uhuru kilifanya kazi hadi 1973. Kilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga hautoki. Orodha ya nne ya vyanzo kilivyoviona ina vitu 339, na kila kimoja kilipewa namba kufuatana na mahali pake angani, ikitanguliwa na 4U. Kimojawapo ni 4U 1700-37. Ile U ni ya Uhuru. Mtaalamu wa Japani au Chile akiandika leo habari za nyota hiyo huanza na herufi ya neno la Kiswahili, ajue asijue.

Karibu zaidi na Bwegera kuna Nkombo, kisiwa cha Rwanda kwenye Ziwa Kivu, ng'ambo ya maji kutoka Bukavu. Februari 2019 setilaiti ya mawasiliano ilirushwa ikiwa na jina la Icyerekezo, dira kwa Kinyarwanda, kwa ajili ya kuunganisha shule ya kisiwa hicho na intaneti. 

Liemba nayo iliendelea. Mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwangusha Mobutu, Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha upande wa Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamevuka kwenda Tanzania. Wapo Uvira, Baraka na Fizi waliorudi hivyo wakiwa watoto. Mei 2015 iliitwa tena, safari hii kwa Warundi waliojazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kwenye mpaka, chenye mlima nyuma na ziwa mbele. Hakukuwa na gati. Watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa meli, wakapandishwa mmoja mmoja, 600 hivi kwa safari, na wakati wakingoja zamu yao juu ya maji, maandishi waliyokuwa nayo mbele ya macho yalikuwa yale ya 1927.